Onyesho ya dofini: nyota 2 juu ya 5, na kwa elimu sitoi hata moja

Bon, hii naandika kwa wamama na wababa wa Lubumbashi wenye wanaendaka kule kwa Warabu kutafuta bidhaa, na sasa vakansi inakaribia wanaanza kuwaza kubeba na watoto. Mtu akisikia tu unaenda na watoto, neno ya kwanza atakuambia ni usikose kuwapeleka kuona dofini, ile watu wa pwani wanaitaka pomboo, ni elimu ile, watajifunza mambo ya bahari, sisi bahari iko mbali. Miye nilisikia, nikaenda, nikalipa, nikakaa pale mwanzo mpaka mwisho na kakitabu kangu ka hesabu mu mkono. Tangu nirudi nimesoma sana usiku kwa telefone na naona sina haki ya kunyamaza. Jina ya ile nyumba sitaandika, juu shida yenye niliona haiko ya nyumba moja, ni ya ile kazi yote ya kuchezesha wanyama wa bahari na kuiita masomo.

Miye nauzisha nguo na viatu ya watoto, naenda kule mara mbili kwa mwaka. Mara hii nilibeba binti yangu wa miaka 9 na mtoto ya yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, kijana wa miaka 12, tukapita Addis, watoto hawakulala hata kidogo mu ndege. Tiketi ya ile onyesho ilinifikia karibu dola 95 kwa sisi watatu, hiyo kwetu ni unga ya kulisha nyumba mwezi na kupita, basi sikuitoa kwa kuchezea. Niliitoa kwa ajili ya huyu kijana. Mwalimu wake alikuwa amewafundisha wanyama wenye kunyonyesha, akawaambia dofini haiko samaki, iko sawa mbuzi, sawa mtu, anazaa na kunyonyesha. Kijana akauliza: sasa mtoto ya dofini ananyonyaka namna gani mule ndani ya maji, ile maji ya chumvi haimwingie mu kinywa? Mwalimu akamjibu siku moja utaona. Njo swali tulibeba kutoka kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, mpaka kule. Na pale ku mlango kulikuwa bango kubwa, dofini anaruka, chini wameandika elimu na burudani kwa jamaa yote, nikamwambia kijana leo utapata jibu yako.

Kwanza niseme yenye ilikuwa muzuri. Mahali pasafi, vyoo visafi, klima inafanya kazi, watu ya mlango wanapokea na heshima, kila kiti unaona pisini yote bila kichwa ya mtu mbele yako. Taa ikazimika, muziki ikalipuka ile ya kutingisha kifua, nikatazama saa na kuandika.

Walianza na sili wawili, wale wanyama wa bahari wenye kutembea na mapezi. Wanapiga makofi, wanavaa kofia, wanacheza dansi, mmoja akalala sawa amekufa juu mfunzaji alimwelekezea kidole sawa bunduki, watu wakacheka. Kisha dofini watatu. Wakapita mu pete, wakapiga balo na mkia, wakavuta mtoto mmoja ndani ya kamtumbwi ka plastiki kuzunguka pisini, wakatikisa kichwa kusema ndiyo na hapana, mmoja akasimama ju ya mkia na kurudi nyuma vile upana yote ya maji. Mwisho wakamletea mwengine burashi ya rangi, akaishika na meno, mfunzaji anashika ubao mbele yake, picha ya maua ikatokea, na pale pale wakaiuzisha kwa mwenye kutaja bei ya juu. Binti yangu alisimama ju ya kiti. Na miye nilisimama, sitadanganya. Wakati ile mnyama inatoka mu maji mwili muzima, kilo mia mbili na zaidi inapita hewani kimya, kisha inashuka na maji inakurukia mpaka ku shingo, roho inashtuka, mtu akikuambia hakusikia kitu mu mwili anakuficha.

Dakika 45 ikaisha. Nikajumlisha mu kakitabu: maneno juu ya mnyama mwenyewe, namna anaishi, kitu anakula, mahali anatoka, haikufika dakika 4. Na mule mu dakika 4 niliandika yote, haikujaza hata ukurasa: ni mnyama wa akili sana, anapenda watu, anapenda kucheza, tazameni vile anatabasamu. Juu ya kunyonya hakuna. Taa zikawaka, kijana akanitazama, hakuuliza kitu, alinitazama tu.

Nianze na ile tabasamu juu njo iliniuma zaidi badaye. Ile haiko tabasamu, ni umbo ya taya. Dofini hana minofu ya uso ya kukunja na kukunjua sawa sisi, sura ni ile ile akiwa na raha, akiwa mgonjwa, hata akiwa maiti ku mchanga anabaki sawa anacheka. Na ile kufungua kinywa na kukigonga pa, yenye watoto walipigia makofi, kule bahari anafanyaka vile kwa kumtisha mwenzake. Sasa mtoto ametoka pale na somo gani? Ametoka amejifunza kusoma sura ya mnyama kinyume. Kesho ataona mnyama mwengine amefungiwa, ataona kinywa kimekunjuka, atasema eh, huyu iko na furaha.

Na ile ya kusema anapenda kucheza, tazama mkono ya mfunzaji, usitazame dofini, utaelewa vyote kwa dakika mbili. Firimbi, samaki. Firimbi, samaki. Akifanya sawasawa firimbi inalia, maana yake njo hiyo, kisha samaki inatoka mu kandoo kenye amefunga ku kiuno. Samaki yenyewe ni ya friji, ukubwa sawa tomson yetu ya soko, na ile samaki njo inampatia hata maji ya mwili, juu dofini hanywe maji ya bahari sawa sisi tunakunywa maji ya kisima. Hakuna haya ya kueleza watoto ile kitu. Ingekuwa hata somo tamu kabisa, namna mnyama anaunganisha sauti na chakula, namna mfunzaji anavunja mruko mmoja mu vipande kumi na kumfundisha kipande kwa kipande, miezi na miezi. Mtoto wa miaka 12 angekaa kimya kusikiliza. Wao wakaficha, wakasema anachora. Yenye anajua picha itakuwa nini ni yule anashika ubao, lakini binti yangu alirudi Lubumbashi akaambia watoto wote wa parsele kama dofini anajua kuchora maua, na haiko uongo yake, njo kitu tulilipa afundishwe.

Ku mlango ya kutokea nilimuuliza kijana mmoja wa kazi, mpole sana, na Kingereza yetu wote wawili ya kuvunjika. Nikamuuliza ile swali ya kunyonya, akacheka, akasema dada hiyo sijui, miye niko wa foto. Nikauliza hawa dofini walizaliwa hapa ao walikamatwa bahari? Akatazama nyuma yake, akasema foto ni dola 20, mnataka? Simlaumu, ni kazi yake, na yeye anatafuta sawa miye natafuta. Lakini nyumba yenye inajiita ya elimu, mtu wa mwisho mwenye kuona mtoto ni mwenye kuuzisha foto.

Basi jibu nilitafuta mwenyewe, nikanunua megabaiti za usiku zile za bei nafuu. Mama dofini, matiti yake imefichwa ndani ya mikunjo miwili chini ya tumbo, mtoto anakuja anasukuma na pua, anakunja ulimi wake sawa mrija, na mama anakaza minofu anamrushia maziwa mu kinywa, kwa kipindi kifupi kifupi juu mtoto lazima apande kupumua. Maziwa nzito, mafuta mingi. Kijana alisoma mara mbili, akasema kumbe ulimi. Kumbe ulimi! Ile kumbe njo nililipia dola 95 na sikuipata.

Na nilipoanza sikuweza kuacha. Dofini akilala, nusu ya ubongo inalala, nusu ingine inakesha, juu akilala yote atasahau kupanda kupumua na atakufa maji. Kila mmoja anajitengenezea mluzi wake akiwa mdogo, sawa jina, wenzake wanamwita nayo. Anaona na sauti: anatuma tik-tik-tik, ile sauti inagonga samaki na kurudi, anaipokea na taya ya chini. Kule Shark Bay, Australia, wamama dofini wanachukua sponji ya bahari wanavaa ku pua isichubuke wakati wanachimbua samaki mu mchanga, na watoto wanajifunza kwa mama. Kule Laguna, Brazil, wavuvi wanasimama mu maji na nyavu, dofini wanaleta kundi ya samaki, dofini akitoa alama watu wanatupa nyavu, na kila upande unakula. Soma hiyo kwa mtoto wa mvuvi wa Kilwa yetu ya Katanga ao wa Moba uone macho yake. Hakuna pete mule, hakuna balo, na mtoto anasikiliza mpaka unaomba wewe kulala.

Halafu fikiria sasa: mnyama yenye anaishi kwa sauti, unamfunga mu pisini ya beto, kila sauti anatuma inamrudia ku ukuta, na ju ya hiyo unapiga muziki ya kutingisha kifua mara mbili tatu kwa siku. Ile mnyama kule bahari anaweza kwenda makumi ya kilometri kwa siku moja. Hiyo haikuwa mu dakika 4.

Mambo ya kukamatwa nayo nilisoma, na hii sikumsomea binti yangu yote. Kuko kijiji ya Japani wanaita Taiji, wavuvi wanafukuza kundi ya dofini mpaka wanaliingiza mu kighuba, wanafunga na nyavu, wenye sura muzuri wanachaguliwa wanauzishwa ku nyumba za maonyesho, wengine wengi wanauawa. Haikuwa maneno ya waandamanaji tu, mu 2015 shirika ya dunia ya zoo na akwariamu, WAZA, ilisimamisha chama ya zoo za Japani juu ya ile Taiji, na mwezi uliofuata chama ikakubali wanachama wasinunue tena dofini wa kule. Sisemi wale watatu wangu walitoka Taiji. Nasema niliuliza wanatoka wapi, nikauzishiwa foto.

Na orka, yule mkubwa mweusi na mweupe yenye ni wa ukoo moja na dofini. Kulikuwa mmoja jina Tilikum, walimkamata karibu na Iceland mu 1983 akiwa bado mtoto wa kama miaka miwili. Kesi tatu za watu kufa zinamtaja, 1991, 1999, na 2010 mfunzaji wake Dawn Brancheau kule Orlando, mama mwenye alikuwa anapenda ile kazi. Mu 2016 SeaWorld, ile kampuni ya Marekani yenye ilikuwa naye, wakatangaza hawatazalisha tena orka, na Tilikum akafa Januari 2017. Karibu dume wote wazima wa orka wenye kufungwa, pezi ya mgongo inaangukia upande, kule bahari utaitafuta sana kumuona wa vile. Miaka na miaka watoto wa Marekani walikaa ku vile viti, pezi imeanguka mbele ya macho yao, na walitoka wanaamini njo sura ya orka. Hiyo njo naita kufundisha kinyume, na haikuhitaji mtu aseme uongo hata moja, ilitosha kuonyesha.

Nilijiuliza sana juu ya nini wote wanang'ang'ania ile neno elimu, mbona wasiseme burudani tu na kumaliza. Kumbe kuko na sababu ya sheria. Marekani iko na sheria ya 1972 ya kulinda wanyama wa bahari wenye kunyonyesha, ikabadilishwa 1994, na inasema mwenye anataka kibali ya kumweka ile mnyama mbele ya watu lazima atoe programu ya elimu ao ya kuhifadhi. Muzuri. Lakini kipimo ya ile elimu ni kanuni zenye watu wa ile kazi wenyewe wanazikubali. Yaani mpishi njo anapima kama chumvi imetosha, na mwenye kula haulizwe. Basi ile neno ikakuwa sawa muhuri ku karatasi, ikaenea dunia yote, mpaka ku lile bango lenye nilisoma miye mama wa Katuba.

Na watafiti je? Hapa nataka kuwa wa haki juu nimeona watu wanatupa kila kitu. Mu 2007 chama ya zoo za Marekani ilitoa ripoti, waliuliza watu zaidi ya 5,500 mu zoo na akwariamu 12, wakasema watu wanatoka na mawazo mapya juu ya wanyama. Mu 2010 Lori Marino na wenzake wakaichambua wakasema vipimo ni dhaifu, hakuna ushahidi wa kushikilia, kumuuliza mtu ku mlango kama amejifunza haiko sawa na kupima kama amejifunza, na wanaoulizwa wamelipa, wamechoka, watajibu ndiyo. Mu 2013 ikatoka ingine juu ya maonyesho ya dofini yenyewe, hiyo ilikuta watu wanajua zaidi wakitoka, na miezi 3 badaye wako bado na kitu. Siikatae. Labda kuko nyumba wanasema dakika 30 juu ya mnyama na 15 ya kuruka. Miye naandika yenye niliona.

Yenye ilinifaa ni ya Eric Jensen ya 2014, ku zoo ya London, na watoto zaidi ya 2,800. Yeye hakuwauliza umefurahi? Aliwapa karatasi wachore mnyama na mahali anaishi, mbele ya kuingia na nyuma ya kutoka. Wenye kutembezwa na mwalimu wa zoo, 41 kwa mia michoro ilionyesha wamejifunza. Wenye kutembea bila mwalimu, 34 kwa mia. Hata na mwalimu, zaidi ya nusu hakuonekana kitu. Nikasema hii naweza kuifanya hata miye ju ya meza ya bukari.

Ilikuwa Oktoba, karibu miezi mitatu tangu turudi. Nikawapa kila mmoja karatasi na kalamu za rangi, nikasema tu chora dofini na mahali anaishi, sikusema zaidi. Binti yangu akachora maji ya blu yenye kona nne. Kona nne! Pete ya moto ya rangi nyekundu (moto haikukuwepo, aliiongeza mwenyewe), balo, bibi mwenye nguo ya kubana anashika samaki, na dofini anacheka. Samaki wengine hakuna, dofini mwengine hakuna, mama yake hakuna. Kijana, yeye alikuwa ameshasoma na miye ile ya ulimi, akachora mama na mtoto chini yake, maji bila ukuta, samaki wengi, na ku pembeni akaandika kwa herufi kubwa NUSU AMELALA. Watoto wawili wa nyumba moja, waliona onyesho moja, siku moja, mmoja ju ya goti yangu. Nilibaki na zile karatasi mbili ju ya meza mpaka chakula ikapoa.

Yaya yangu aliniambia kitu yenye sikuweza kujibu mara moja. Alisema: wewe unasema vile juu ulishaona. Mtoto wa hapa hatafika bahari maisha yake, bila kumuona dofini na macho yake atampenda namna gani? Karatasi haipendeshe mtu. Na iko na haki, yaya hasemi ovyo. Ile mshtuko ya roho nilisema, sitaki mtoto aikose. Nilikaa nayo wiki mbili hivi.

Kisha shule ya kijana ikapanga kutembelea J.A.C.K., hapa hapa Lubumbashi, ile nyumba ya sokwe wenye kunyang'anywa ku wauzaji, Franck na Roxane Chantereau waliianzisha 2006. Nikaomba kufuata na binti yangu. Na hapa wanyama wamefungiwa, niseme wazi, kuko waya, sokwe hawako mu pori yao. Lakini hakuna mwenye alivaa kofia. Hakuna muziki. Yule mwenye kutueleza alianza na namna mtoto wa sokwe anafikaka ku soko: mama hamtoi, basi mara nyingi wanamuua mama kwanza, na wengine wenye kumtetea, ili kupata kamoja ka kuuzisha. Kukawa kimya, watoto 40 na zaidi. Kisha akasema sheria ya Kongo inakataza kumuua, kumuuzisha na kumfuga, na mukiona mtu iko naye mu parsele, ile kamnyama kazuri kenye wanavalisha nguo, mujue mama yake iko wapi. Watu wanajua pia yenye ilifika hapo Septemba 2022, watoto watatu wa sokwe waliibwa usiku na wezi wakaomba pesa. Sokwe mmoja mkubwa alitukalia mgongo muda mrefu, hakugeuka, na hakuna mtu alimpigia firimbi ageuke. Binti yangu akauliza juu ya nini yeye hatutazami sisi. Yule bwana akamjibu: leo hataki.

Nafikiri ile leo hataki njo somo kubwa nilisikia mwaka huu wote. Mnyama iko na siku yake ya kukataa, na wewe mwenye kulipa unarudi nyumbani vile.

Jioni nikatoa karatasi tena. Binti akachora miti, sokwe wawili, mkubwa na mdogo ku tumbo, na mtu na bunduki mbali kidogo. Waya nayo aliichora, lakini upande wa pili wa karatasi, akasema hapa ni nyumba ya wenye hawana mama. Siku mbili badaye alikataa kucheza na mtoto ya jirani yenye alimfunga kasuku kamba ku mguu, akamwambia papa wake, na shikamoo yote mbele, papa, huyu kasuku mama yake iko wapi? Jirani hakufurahi. Kasuku angali pale, sitadanganya. Lakini nilimjibu yaya: umeona, mshtuko ya roho inapatikana bila pete. Na dofini, hata kama hatamuona, amejua kama hapaswe kumuona kwa ile bei.

Kuko kitu ingine yenye ilinikasirisha kabisa, niiseme kabla sijasahau. Ile bahari ya kule kwa Warabu, maji ya Abu Dhabi, iko na nguva kama 3,000, kundi kubwa la pili duniani nyuma ya Australia. Nguva! Jina ya Kiswahili yenyewe, mnyama mwenye kunyonyesha, anakula majani ya chini ya bahari sawa ng'ombe, iko pale pale ku mlango wao, wa kweli, hajafungwa. Mu dakika 45 hawakumtaja hata mara moja. Na sisi? Kongo yetu iko na kipande cha bahari, karibu kilometri 40 tu, kule Muanda, na Parc Marin des Mangroves ya tangu 1992, na mule iko lamanteni, ndugu ya nguva, anaingia mpaka ndani ya maji ya mto Kongo. Wavuvi wanamkamata kwa nyama, iko mu hatari. Mtoto wangu alivuka bara kwenda kuona dofini wa mbali anachora maua, na hakuna mtu, kule wala hapa, alimwambia sisi wenyewe tuko na mnyama wa bahari mwenye kunyonyesha. Miye mama yake nilijua mu umri wa miaka 38.

Nchi zinaacha polepole. Uingereza haina dofini wa kufungwa tangu 1993, India ilikataza nyumba mpya mu 2013, Kanada ikaweka sheria 2019, Ufaransa ikapiga kura 2021 na maonyesho inakatazwa kuanzia Desemba 2026, ile nyumba yao kubwa ya Antibes ikafunga milango Januari 2025, na Meksiko nayo ikaweka sheria 2025. Kule kwa Warabu bado viti vinajaa, na tunaojaza ni sisi pia, wa Afrika tuko na watoto na mifuko ya bidhaa.

Kwa mwenye ataenda tu, sikuzuie, ni pesa yako: kaa juu, mistari ya mbele wanaloa kabisa na maji ya chumvi iliharibu telefone ya jirani yetu. Ku sili wawili watoto wadogo wanaogopa kelele, beba kitu ya kuziba masikio. Foto usinunue. Na tafadhali, kabla ya kuingia, mpe mtoto swali moja ya kweli aibebe, na ukitoka bila jibu ulizeni mkiwa wengi pale ku mlango, wanatoka wapi, wananyonyaka namna gani, wanalalaka namna gani, labda siku moja wataweka mtu wa kujibu ku nafasi ya mtu wa foto. Nyota 2, moja ya usafi na mapokezi, moja ya wale watatu wenyewe juu walifanya kazi.

Na mwenye iko na ndugu Muanda ao Banana, aniandikie hapa chini: wavuvi wa kule wanamuita lamanteni jina gani, na mtu anawezaka kumuona mwezi gani na mtumbwi bila kumsumbua? Binti yangu ameshachora mto na majani, ameacha nafasi katikati, anangoja ajue sura yake sawasawa.